Kliniki Inamuuliza Mama, Sigara Iko Mkononi mwa Baba

Mjamzito anapoandikishwa kliniki kwa mara ya kwanza huulizwa mengi: tarehe ya hedhi ya mwisho, mimba zilizotangulia, maradhi ya ukoo, dawa anazotumia. Mara nyingi huulizwa pia kama anavuta sigara. "Hapana, nesi," anajibu, na anasema kweli. Alama inawekwa kwenye kadi, ukurasa unageuzwa, na habari ya tumbaku inaishia hapo hadi siku ya kujifungua. Mumewe, ambaye huenda amekaa kwenye benchi nje akimsubiri na pakiti iko mfukoni, hakuna aliyemuuliza lolote.

Hapo ndipo penye kasoro. Tumezoea kuzungumzia sigara na ujauzito kana kwamba ni tabia ya mama peke yake, wakati kwa sehemu kubwa ya dunia moshi unaomfikia mtoto tumboni unatoka kwenye sigara ya mtu mwingine. Mwaka 2018 jarida la Lancet Global Health lilichapisha makadirio kwamba wanawake wanaovuta sigara wakiwa wajawazito ni asilimia 1.7 duniani kote. Ulaya wanafika asilimia 8.1, na Afrika hawafiki hata asilimia moja. Kwa wanaume picha ni nyingine kabisa. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2020 karibu asilimia 37 ya wanaume walikuwa wakitumia tumbaku, huku wanawake wakiwa chini ya asilimia 8. Watafiti waliochunguza nchi 30 za kipato cha chini na cha kati walikuta kwamba wajawazito wanaovutishwa moshi nyumbani kila siku ni kati ya asilimia 6, kama ilivyo Nigeria, na asilimia 73, kama ilivyo Armenia. Katika kila moja ya nchi hizo, wanaovutishwa walikuwa wengi kuliko wanaovuta wenyewe.

Kwa hiyo kadi inayouliza "unavuta?" na kuishia hapo inawakosa wengi wa wale iliyokusudiwa kuwalinda.

Tuanze na kinachotokea mwilini, kwa sababu bila kukielewa hicho mengine yote yanabaki kuwa makemeo. Moshi wa tumbaku una kemikali zaidi ya 7,000, na angalau 70 kati ya hizo zinajulikana kusababisha saratani. Kwa mtoto aliye tumboni, mbili ndizo zilizochunguzwa zaidi: gesi ya kaboni monoksaidi na nikotini.

Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Ikifika kwenye damu hujishikiza kwenye himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, na huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoweza. Kila himoglobini iliyokaliwa na gesi hiyo ni nafasi moja imepotea. Tena hata ile oksijeni iliyosalia hushikwa kwa nguvu zaidi, ikawa ngumu kuachiliwa pale inapohitajika. Damu ya mtoto tumboni ina himoglobini ya aina yake, iliyoumbwa ivute oksijeni kutoka kwenye damu ya mama, na uwezo huohuo wa kuvuta ndio unaomponza: gesi hiyo hujikusanya kwake kwa kiwango kikubwa kuliko kwa mama, na humtoka taratibu zaidi. Mama akiondoka kwenye chumba chenye moshi huanza kupumua hewa safi papo hapo. Mtoto hana pa kuondokea. Lazima asubiri damu ya mama isafike kwanza ndipo yake ianze kusafika.

Nikotini nayo hupenya kondo la nyuma bila kizuizi. Hubana mishipa ya damu, ikiwamo ile inayolilisha kondo lenyewe, na huingia kwenye maji ya uzazi anamoelea mtoto. Maji hayo mtoto huyameza. Ndiyo maana mabaki ya nikotini, yaitwayo kotinini, hupatikana kwenye mkojo wa watoto wachanga ambao mama zao hawajawahi kuweka sigara mdomoni.

Hapo wapo wanaouliza, na swali lao ni la haki: kiwango anachovuta mtu aliyekaa pembeni si kidogo sana kuliko cha mvutaji? Ni kidogo, ndiyo. Mama anayevuta mwenyewe hujifungua mtoto ambaye kwa wastani ni mwepesi kwa gramu 150 hadi 250. Kwa mama asiyevuta lakini anayeishi na moshi, uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi mwaka 2008 ulikuta upungufu wa gramu 33 hadi 40. Gramu 40 ni uzito wa yai dogo. Ukimweka mtoto kwenye mizani, tofauti hiyo hutaiona kwa macho, na ndiyo sababu wengi husikia takwimu hii na kutikisa mabega.

Wastani huo lakini unaficha mambo. Gramu hizo hazikatwi sawasawa kwa kila mtoto. Yupo asiyepungua chochote, na yupo anayepungua sana kwa sababu kondo lake lilikuwa dhaifu tangu mwanzo, au mama ana upungufu wa damu, au ni pacha. Wataalamu huita uzito pungufu ule ulio chini ya gramu 2,500, na karibu na mstari huo wamesongamana watoto wengi. Ukiisukuma idadi nzima chini kidogo tu, walio ukingoni ndio wanaovuka. Uchambuzi uleule wa mwaka 2008 uliona hatari ya kuzaliwa na uzito pungufu ikipanda kwa asilimia 22 hadi 32 miongoni mwa wanaovutishwa. Kwa familia moja ni bahati nasibu. Kwa nchi nzima ni wodi za watoto njiti zilizojaa kuliko ilivyopasa.

Uzito wenyewe ni dalili tu. Mwaka 2011 jarida la Pediatrics lilichapisha uchambuzi mwingine, safari hii juu ya wajawazito wasiovuta lakini wanaoishi na moshi. Hatari ya mtoto kuzaliwa akiwa mfu ilikuwa juu kwa asilimia 23, na ya kuzaliwa na kasoro za maumbile kwa asilimia 13. Nayasema haya nikijua kuna wajawazito watakaosoma. Kwa hiyo niongeze bila kupunguza ukweli wowote: watoto walio wengi, hata wa nyumba zenye moshi, huzaliwa salama. Tunazungumzia hatari inayoongezeka juu ya hatari ambayo ilikuwapo. Lakini inaongezeka bila faida yoyote kwa mama wala kwa mtoto, na inaweza kuondolewa.

Elimu hii ina umri mkubwa kuliko wengi wetu. Mwaka 1957 daktari Winea Simpson alichapisha taarifa kutoka San Bernardino, California, akiwa amepitia kumbukumbu za akina mama zaidi ya 7,000. Aliona kwamba wavutaji walijifungua watoto wadogo kwa kiwango kinachokaribia mara mbili ya wasiovuta, na kwamba idadi ya sigara ilipopanda nayo hatari ilipanda. Uingereza ilikuwa imefuatilia watoto karibu 17,000 waliozaliwa katika juma moja la Machi 1958. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1972 yalionyesha kuwa watoto wa mama walioendelea kuvuta baada ya mwezi wa nne walikuwa wepesi kwa gramu 170, na vifo vya kabla na mara baada ya kuzaliwa vilikuwa juu kwa asilimia 28. Mama walioacha kabla ya mwezi wa nne watoto wao hawakutofautiana na wa wasiovuta.

Katikati ya tafiti hizo mbili pana kisa ambacho kila anayeandika juu ya takwimu za afya angefaa akijue. Mtakwimu Jacob Yerushalmy wa California alionyesha mwaka 1971 jambo la kushangaza: ukichukua watoto wenye uzito pungufu tu, wale wa mama wavutaji walikufa wachache kuliko wale wa mama wasiovuta. Je, sigara inawalinda watoto wadogo? Wapo waliotaka iwe hivyo. Mwaka huohuo mkuu wa kampuni ya sigara ya Philip Morris, Joseph Cullman, aliulizwa kwenye televisheni ya Marekani kuhusu watoto wa wavutaji. Alikiri kwamba ni wadogo, akadai kwamba ni wazima sawa na wengine, kisha akasema kuna wanawake ambao wangependelea watoto wadogo.

Jibu la fumbo la Yerushalmy lilichukua miaka kuelezwa vizuri, lakini ukishaelezwa ni rahisi. Mtoto wa mama asiyevuta haishii kuwa mdogo hivi hivi. Mara nyingi nyuma yake pana jambo zito: kasoro ya kuzaliwa, maambukizi, kondo lililoharibika. Mtoto wa mama mvutaji anaweza kuwa mdogo kwa sababu ya moshi tu. Ukiwapanga hao pamoja kwa sababu mizani imewapa namba moja, unalinganisha aliyepunguzwa na sigara na aliyepunguzwa na ugonjwa hatari zaidi, halafu unaipa sigara sifa isiyostahili. Ukilinganisha watoto wote na watoto wote, bila kuwachuja kwa uzito, wa wavutaji wanakufa zaidi. Nimekaa kwenye kisa hiki kwa sababu hoja za namna hiyo bado zinazunguka. Anayesema "mimi baba yangu alivuta na nikazaliwa na kilo nne" naye amechuja: amechagua waliopona, akawaacha nje wasioweza kusimulia.

Je, tuna uhakika kwamba ni moshi, na si umaskini au lishe mbovu inayoandamana nao? Swali hili ni zito hasa kwa mama anayevutishwa, maana nyumba yenye mvutaji mara nyingi ina upungufu mwingine pia. Ushahidi unatoka pande kadhaa. Upande mmoja ni kotinini: haimtegemei mama kukumbuka wala kuona haya, inapimwa kwenye damu au mkojo, na kadiri inavyopanda ndivyo uzito wa mtoto unavyoshuka. Upande mwingine ni majaribio. Huko Maryland, Marekani, wajawazito 935 waliokuwa wakivuta waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walisaidiwa kuacha, nusu wakaendelea na huduma za kawaida. Matokeo ya mwaka 1984 yalionyesha watoto wa kundi lililosaidiwa walizaliwa wazito kwa gramu 92 zaidi kwa wastani, ingawa si mama wote wa kundi hilo walioacha. Umaskini haukubadilika. Kilichobadilika ni moshi.

Upande wa tatu ndio unaonigusa zaidi, kwa sababu unamhusu yule mama asiyevuta. Scotland ilipiga marufuku kuvuta sigara kwenye maeneo ya ndani ya umma mwezi Machi 2006. Watafiti walipopitia kumbukumbu za uzazi za kabla na baada, waliona watoto wanaozaliwa kabla ya wiki 37 wamepungua kwa zaidi ya asilimia 10. Upungufu huo ulionekana kwa mama wavutaji na kwa mama ambao hawajawahi kuvuta. Hao wa pili hawakuwa na tabia yoyote ya kubadilisha. Hewa waliyokuwa wakiivuta ndiyo iliyobadilika. Uchambuzi wa Lancet wa mwaka 2014, uliojumuisha nchi kadhaa za Ulaya na Amerika Kaskazini, ulifika palepale: watoto njiti walipungua kwa asilimia 10.4 baada ya sheria za namna hiyo, na watoto waliofikishwa hospitali kwa pumu walipungua kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Kuhusu uzito pungufu kwa ujumla wake, uchambuzi huo haukuona badiliko la wazi, na ni vema kulisema hilo pia.

Asilimia kumi ya watoto njiti si namba ya kupita nayo haraka. Mtazame mtoto aliyezaliwa wiki ya 32. Mapafu yake bado hayajatengeneza vya kutosha ule utelezi unaozuia vifuko vya hewa visinate. Kila anapovuta pumzi, ngozi iliyo kati ya mbavu inabonyea ndani, tundu za pua zinatanuka, na mwisho wa pumzi anatoa mguno mdogo, kwa kuwa mwili unajaribu kuibakiza hewa ili vifuko visijifunge. Anafanya hivyo mara sitini au zaidi kwa dakika. Nguvu ambayo mtoto wa wiki 40 angeitumia kunyonya na kukua, huyu anaimaliza kwa kupumua. Anapoteza joto upesi kwa sababu hana mafuta chini ya ngozi. Hajui bado kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio, hivyo maziwa hukamuliwa na kupitishwa kwenye mpira mwembamba. Mama anakaa pembeni akihesabu mililita. Watoto wengi kama huyu huvuka, lakini baadhi hubaki na mapafu yanayopiga mluzi kila wapatapo mafua, na wengine huchelewa kuona, kusikia au kutembea.

Wala moshi hauishii kwa njiti. Mtoto aliyetimiza miezi yake lakini akakulia tumboni kwenye moshi huweza kuzaliwa na njia za hewa zilizo nyembamba, na mapafu yenye uwezo mdogo hata kabla hajavuta pumzi yake ya kwanza. Baada ya hapo nimonia na pumu humwandama kwa urahisi zaidi. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2011 kwa takwimu za 2004 yalisema moshi wa sigara za wengine uliua watu wapatao 603,000 kwa mwaka duniani, na watoto walikuwa zaidi ya robo yao. Wengi wa watoto hao walikufa kwa maambukizi ya njia ya hewa.

Halafu kuna kifo cha ghafla cha mtoto mchanga usingizini, ambacho wazazi wengi hawaambiwi kabisa kwamba kina uhusiano na tumbaku. Mtoto mwenye afya akikosa hewa usingizini, kwa mfano uso wake ukifunikwa na shuka, mwili humshtua: moyo unabadili mwendo, anapiga pumzi ya nguvu, anageuza kichwa, anaamka na kulia. Mshtuko huo unaongozwa na shina la ubongo, na sehemu hiyo ina vipokezi ambavyo nikotini hushikamana navyo wakati ndiyo kwanza vinajengwa. Mtoto aliyekulia kwenye nikotini huchelewa kushtuka, au hashtuki. Tangu miaka ya 1990, wazazi walipofundishwa kuwalaza watoto chali, vifo hivi vilipungua kwa zaidi ya nusu katika nchi kadhaa, na moshi ukabaki kuwa miongoni mwa sababu kubwa zinazozuilika. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta kwamba mama kuvuta hata sigara moja kwa siku akiwa mjamzito huongeza hatari hiyo hadi mara mbili. Taarifa ya Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani ya mwaka 2006 ilikwisha kusema wazi kwamba moshi wa wengine nao husababisha vifo hivi, na kwamba hakuna kiwango cha moshi huo kisicho na madhara.

Basi turudi kwa baba. Wengi wana nia njema, na hilo nalisema kwa dhati. Baba amesikia moshi ni mbaya kwa mimba, akaanza kutoka. Anasimama kizingitini, mgongo ameuegemeza kwenye mwimo, mkono wenye sigara ameunyoosha nje, mlango uko nusu wazi ili aendelee kuzungumza na mkewe. Akivuta anapuliza nje. Lakini kati ya mvuto mmoja na mwingine sigara haizimiki. Ncha yake inaendelea kuungua polepole, kwa joto dogo kuliko anapovuta, na moshi huo haupiti kwenye kichungi chochote. Sehemu kubwa ya moshi unaosambaa hewani hutoka kwenye ncha hiyo, na kwa uzito uleule una sumu nyingi kuliko ule anaoumeza yeye. Hewa ya nje ikivuma kuelekea ndani unaingia wote. Na mwingi wake hauonekani, hivyo asipoona wingu chumbani anaamini hakuna kitu. Akimaliza anaingia, moshi ukiwa bado kwenye pumzi na nguo zake, anakaa karibu na mkewe.

Dirisha lililofunguliwa, feni, manukato, chumba cha pembeni, vyote vinapunguza harufu kuliko vinavyopunguza sumu. Taarifa hiyohiyo ya 2006 ilihitimisha kwamba kuwatenga wavutaji, kusafisha hewa au kuiingiza hewa safi jengoni hakuwezi kuwakinga wasiovuta. Nyumba inakuwa salama pale tu ambapo hakuna sigara inayowashwa ndani yake, wala kizingitini, wala garini. Shisha nayo si salama: mkaa unaoiunguza tumbaku huzalisha kaboni monoksaidi kwa wingi, na maji hayaichuji.

Sheria zimefanya kazi kubwa, ila zina mpaka. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku, ulioanza kutumika Februari 2005, unazitaka nchi katika ibara ya 8 kuwalinda watu na moshi mahali pa kazi, kwenye vyombo vya usafiri na maeneo ya umma ya ndani. Nyumbani hautaji. Scotland yenyewe inatuonyesha mpaka huo: baada ya sheria, kotinini kwa watoto wa shule za msingi ilishuka kwa asilimia 39, lakini waliokuwa na mama mvutaji nyumbani hawakunufaika kwa kiasi cha kuonekana. Askari hawezi kukaa sebuleni, na sitaki akae. Ila muuguzi anaweza kuifikia sebule hiyo kwa kuzungumza na aliye na sigara.

Na hili limeshaagizwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 kuhusu tumbaku na ujauzito unataka kila mjamzito aulizwe mambo mawili, kama anatumia tumbaku na kama anavutishwa moshi, mapema iwezekanavyo na kila anapohudhuria. Unataka pia mwenzi wake na watu wa nyumbani wapewe maelezo, na mwenzi anayevuta asaidiwe kuacha. Kinachokosekana ni utekelezaji. Kadi nyingi bado zina kisanduku kimoja, na mume akifika kliniki huchukuliwa kama msindikizaji.

Kumkabidhi mama kazi ya kumsimamia mumewe ni kumwonea. Huenda anamtegemea kwa chakula na kodi. Huenda mvutaji si mume bali baba mkwe, au shemeji aliyewapokea kwake, na mke mgeni hawezi kumwambia baba mkwe azime sigara yake. Wengi hunyamaza wakakaa humohumo. Neno lilelile likitoka kwa muuguzi au daktari lina uzito mwingine, na mama halipi gharama ya kulitamka. Anaweza hata kusema nyumbani, "Wamesema kliniki," akaishia hapo, na ugomvi ukakosa pa kuanzia.

Kuna sababu nyingine ya kumfuata baba, na huwa haisemwi. Mjamzito anayetaka kuacha sigara ana njia chache: dawa zinazomsaidia mtu kuacha, kama varenisilini na bupropioni, hazipendekezwi kwake, na kuhusu viraka vya kubandika kwenye ngozi na ubani wa kutafuna vyenye nikotini wataalamu bado wanatofautiana. Anabaki na ushauri na nia yake. Mwanamume hana kizuizi hicho. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 wa kuwasaidia watu wazima kuacha unazipendekeza dawa hizo, pamoja na viraka na dawa nyingine iitwayo sitisini, zikiambatana na ushauri. Yule ambaye ni rahisi zaidi kusaidiwa ndiye ambaye hatumfikii.

Yeye naye ana yake ya kupoteza. Mbegu za kiume za mvutaji huonyesha madhara kwenye vinasaba, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limehitimisha kwamba wazazi kuvuta sigara husababisha aina moja ya saratani ya ini kwa watoto wao. Kwa hiyo wakati mzuri wa baba kuacha ni kabla mimba haijatungwa. Lakini aliyechelewa asikate tamaa. Utafiti wa New Zealand na Australia uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba mama walioacha kabla ya wiki ya 15 walikuwa na hatari ya kuzaa njiti, au mtoto mdogo kuliko umri wa mimba, inayolingana na ya wasiovuta kabisa. Ni matokeo yaleyale ya Waingereza wa mwaka 1958. Kinachofaa kwa mama anayevuta hakiwezi kukosa maana kwa mama anayevutishwa: tangu moshi unapoondolewa, himoglobini inaanza kubeba oksijeni tena.

Kupunguza tu hakutoshi, kwa mvutaji yeyote. Anayetoka sigara ishirini hadi kumi mara nyingi huzivuta hizo kumi kwa nguvu na hadi karibu na kichungi, kwa kuwa mwili unadai nikotini yake.

Mtoto akishazaliwa, ulinzi huwa unalegea. Mama aliyekuwa ameacha anaweza kurudia. Kwa makadirio ya tafiti nyingi karibu nusu hurudia ndani ya mwaka mmoja, na kuishi na mvutaji ni moja ya sababu kubwa. Baba aliyekuwa akitoka nje anaanza kuvutia dirishani tena, kwa kuwa tumbo halipo. Lakini ratiba ya chanjo inamleta mtoto kliniki akiwa na wiki 6, kisha 10, kisha 14, na hiyo ndiyo miezi ambayo kifo cha ghafla usingizini hutokea zaidi. Kila mara mtoto anapopimwa uzito, kisanduku kimoja kinaweza kuongezwa: nani anavuta nyumbani, na anavutia wapi? Baba akiwa ndiye aliyembeba mtoto siku hiyo, aulizwe yeye, aelezwe dawa zinakopatikana, na aandikiwe tarehe ya kurudi kama mgonjwa mwingine yeyote.